Fundo la Mkono wa Kushoto

Mvua ikinyesha milimani, upande wa pili wa mpaka,
sisi wa Punta Cangreja hatuhitaji redio kutuambia.
Siku ya tatu mto unatapika:
chupa za mafuta ya kupikia, malapa ya mguu mmoja mmoja,
vifuniko, mabomba ya sindano, mdoli asiye na macho,
vyote vinapanda ufukweni kama wageni
walioambiwa kuna karamu.

Na kila mara Crisanta Lalín, muuza mkate wa nazi,
husimama mlangoni, unga hadi viwikoni,
akawalaani watu wa nchi ile mmoja mmoja,
na mameya wao, na mama za mameya wao.
Tulimsikiliza kwa raha.
Kumlaani wa mbali hakutoi jasho.

Oktoba manispaa ilitulipa kuchakura:
lempira mia mbili kwa siku, glavu, na reki.
Crisanta alikuja kwa sababu tanuri lake limepasuka
na matofali yanataka pesa.
Alichakura kama anavyokanda, kwa bega zima,
mdomo nao ukifanya kazi yake.

Saa nne hivi akanyamaza.
Nikamwendea. Alikuwa amechutama
mbele ya mfuko mdogo mweupe uliojaa mchanga,
shingo yake ingali imefungwa.

Crisanta hutumia mkono wa kushoto.
Mfuko wa mkate huuzungusha mara mbili,
kisha ncha huipenyeza kwa chini, akavuta;
fundo ambalo wanetu hulikata kwa meno
maana halijapata kufunguliwa na vidole.
Hakuna mwingine afungaye vile,
si hapa, si huko mto utokako.

Alijaribu kulifungua. Likamkatalia hata yeye.
Akageuza reki, akaandika mchangani kwa mpini:
mifuko arobaini, mara siku sita,
mara majuma, mara miaka kumi na tisa.
Tarakimu zikatambaa hadi majini.
Wimbi likala sifuri ya mwisho
na bado hesabu ilikuwa kubwa.
"Haba na haba," alisema. Hakumalizia.

Jumatatu hapakuwa na mfuko.
Palikuwa na majani ya mgomba, yamebabuliwa motoni yasipasuke,
na kibao: Leta kitambaa chako.
Mzee Hipólito aliushika mkate kama kifaranga kilichokufa.
"Jani linachanika. Na bahari itajua tofauti?
Mto ule unamwaga malori, Crisanta. Malori!"
"Mto si wangu," akajibu. "Fundo ni langu."
Mzee akaenda zake dukani kwa Wilmer,
kwenye mkate uliokatwa tayari, ndani ya plastiki inayong'aa.
Nusu ya kijiji kikamfuata.

Sitasema uongo: ilikuwa miezi mibaya.
Alikula mikate yake mwenyewe, ya jana na ya juzi.
Matofali ya tanuri aliyachukua kwa mkopo.
Mimi pia nilinunua kwa Wilmer, mara mbili, usiku.
Kisha binti wa Hipólito alikuja na foronya,
ina doa la mate ya usingizi, akaona haya,
akaondoka na mikate sita.
Siku hizi asubuhi utaona foronya zikipita njiani
kana kwamba kijiji kizima kinahama kitanda.

Juzi mvua ilinyesha tena milimani.
Mto ukatapika kama kawaida yake, haukupungua hata kifuniko.
Crisanta akatoka mlangoni, nasi tukakaa mkao wa kusikiliza.
Alilaani, naam, msidhani ametakasika;
mameya wote walipata haki yao.
Ila orodha siku hizi huanza na jina lake.
Kisha akachukua reki, na hakuna aliyemlipa.

Ule mfuko ameutundika msumarini, kando ya tanuri,
na mchanga wake ndani.
Mwanangu aliuomba, alifungue fundo kwa meno.
Akamnyima.
Akampa mkate, wa moto, mikononi hivi hivi,
mtoto akakimbia nao akiurusha kutoka kiganja hadi kiganja.